Tippu Tip na Vibao Vyeupe vya Piano



Katika vijitabu vyetu vya sherehe huwa tunaweka maisha ya mtu mmoja wa zamani. Mara nyingi huwa ni mtunzi wa nyimbo au mmisionari. Safari hii kamati ilinipa mimi kazi hiyo, nami nikaomba ruhusa niandike juu ya mtu ambaye hakuwa Mkristo wala hakuimba katika kwaya yoyote. Jina lake kila aliyesoma historia shuleni analijua: ni Tippu Tip.

Sababu yangu ni hii. Sehemu ya mchango wa jubilei itatumika kutengeneza piano ya zamani iliyoko ukumbini, na vibao vyake vyeupe vimevikwa pembe za ndovu. Tangu tutangaze mchango huo, watu wameniuliza pembe zile zilitoka wapi, na wengine wameuliza kama ni halali kwetu kuendelea kuzipiga. Nimeona ni afadhali kueleza habari yenyewe kwanza, tena kwa upande wa fedha, yaani nani alikopesha, nani alikopa, nani alibeba na nani alibaki na faida. Katika hesabu hiyo ndefu, jina linalojitokeza kuliko yote upande wetu wa bahari ni la huyu bwana.

Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiarabu kutoka Maskati. Upande wa baba ulikuwa wa Waarabu wa Omani waliokwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima, kama zilivyo familia nyingi za pwani hii yetu hadi leo. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara mwenye makao Tabora, na huko alioa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa hiyo kijana Hamed alipata mlango wa bara kwa ukwe kabla hajaupata kwa bunduki.

Tippu Tip ni jina la kupachikwa. Wengine husema ni mlio wa bunduki zake, wengine husema ni kwa sababu alikuwa na mazoea ya kupepesa macho. Mwenyewe alipendelea maelezo ya bunduki.

Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alianza biashara ndogo ya sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini pwani. Sandarusi ya Zanzibar ilinunuliwa na Wamarekani na kupelekwa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, ikageuzwa kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Nataka msomaji aone jambo hili mapema: tangu utotoni mteja wake wa mwisho alikuwa sebuleni Marekani, ingawa hakumjua wala hakuwahi kumwona.

Wamarekani hawakuwa wageni Unguja. Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara nao mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika kisiwani. Walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Mama zetu bado wanakiita marekani, na sasa mnajua jina hilo lilitoka wapi. Marekani ilikuwa kama fedha taslimu katika njia ya kwenda bara. Bila marekani, ushanga, nyaya za shaba nyekundu na baruti, hakuna msafara uliofika Tabora.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Msafara wa pembe ulichukua mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Mwenye msafara hakuwa na mtaji wa kungoja muda wote huo. Alikwenda kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja akachukua bidhaa kwa mkopo. Katika mkopo huo riba haikuandikwa kila mara kama riba. Bidhaa zilipandishwa bei pale zilipotolewa, na pembe zikapunguzwa bei pale ziliporudishwa, kwa kuwa mkopaji alilazimika kumuuzia yuleyule aliyemkopesha. Tajiri naye alikuwa amechukua marekani kwa mkopo kutoka kwa makampuni ya Kimarekani, na akawalipa kwa pembe. Juu ya hayo yote kulikuwa na ushuru wa forodha. Sultani hakuukusanya mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa tajiri mmoja kwa kiasi maalumu kila mwaka, na cha ziada kikawa cha yule tajiri. Kwa miaka mingi forodha ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, na katika miaka ya 1870 ikaingia mikononi mwa Taria Topan, Khoja kutoka Kutch aliyefika Unguja akiwa mtoto.

Mkumbukeni Taria Topan. Yeye ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Mtu mmoja alikuwa mkopeshaji, mnunuzi wa pembe na mtoza ushuru. Mtu wa namna hiyo hapotezi kwa urahisi.

Tippu Tip alianza kusafiri bara na baba yake akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, kisha akaanza kujitegemea. Safari iliyompa jina ilikuwa ile ya kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Huko alikuwako mtawala mmoja wa Itabwa aliyeitwa Nsama, mwenye sifa kwamba hajawahi kushindwa, na mwenye ghala la pembe. Mwaka 1867 watu wa Tippu Tip walipigana naye. Tippu Tip alipata majeraha ya mishale, lakini bunduki zilishinda, na pembe zote za Nsama zikawa zake. Miaka ya akiba ya watu wengine ilibebwa kwa siku chache. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone, aliyekuwa mgonjwa na mwenye upungufu, akamsaidia kwa chakula na njia. Wazungu waliokutana naye baadaye karibu wote waliandika kwamba alikuwa mtu wa adabu, msafi wa mavazi na mwenye mazungumzo mazuri. Sina sababu ya kuwabishia. Watu wa Nsama hawakuandika.

Safari yake kubwa kuliko zote ilianza karibu na 1870 na haikurudi pwani hadi 1882. Alivuka hadi Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki, akaweka makao Kasongo karibu na mto Lualaba. Huko pembe zilikuwa hazijawa na bei ya soko. Katika sehemu nyingine watu walizitumia kama miti ya uzio, au waliziacha zikaoza porini. Kuhusu utawala wake wa Utetera, yeye mwenyewe alisimulia bila haya: alisikia kwamba dada wa mtawala wa pale alikuwa amechukuliwa utumwani zamani, akadai kwamba huyo ndiye bibi yake, na kwa hadithi hiyo akapewa kiti. Tangu hapo pembe za nchi ile zikaja kwake kama kodi. Hakuna mkopo wa Unguja uliowahi kumpa faida kama hadithi ile.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana bila upande wa pili mambo haya hayaeleweki.

Katika jimbo la Connecticut, Marekani, kando ya mto unaoitwa kwa jina la jimbo hilo, kuna vijiji viwili, Deep River na Ivoryton. Hicho cha pili kimeitwa kwa jina la pembe. Mwanzoni watu wa huko walikata vitana vya pembe kwa mashine. Piano zilipoanza kuenea wakabadilisha kazi, wakakata vipande vyembamba vya kuvika vibao. Kampuni ya Pratt, Read iliundwa Deep River mwaka 1863 kwa kuunganisha makampuni madogo. Ivoryton kulikuwa na kampuni ya Comstock, Cheney. Huyo Cheney, George kwa jina lake la kwanza, alikuwa ameishi Unguja miaka kadhaa akinunua pembe, kisha akarudi kwao akawa mshirika mwenye kiwanda. Jamaa wa biashara hiyo walikuwa na nyumba ya uagizaji New York, Arnold, Cheney, ambayo ndiyo iliyoleta pembe na kuwagawia wakata vibao.

Wengi hudhani mwenye jina lililoandikwa kwa dhahabu kwenye piano ndiye aliyetengeneza kila kitu kilichomo. Sivyo. Watengenezaji wengi wa piano walinunua vibao vikiwa tayari kutoka vijiji hivyo viwili, kama fundi wa samani anavyonunua bawaba dukani. Kwa hiyo watu wachache sana wa Connecticut na New York walishikilia sehemu ambayo karibu kila kiwanda cha piano Marekani kiliihitaji, na wao wenyewe walitegemea bandari moja, Unguja, kwa ile pembe laini ya Afrika Mashariki iliyosifiwa kwa kutopasuka na kwa kukubali kukatwa nyembamba kama karatasi nzito. Baada ya kukatwa, vipande vilipangwa katika vibanda vya vioo, safu kwa safu, vikaanikwa juani kwa wiki nyingi hadi vikawa vyeupe. Samaki wetu hukauka kwa siku mbili tatu. Pembe ilihitaji subira zaidi.

Na piano zenyewe zilinunuliwaje? Kwa mkopo pia! Kuanzia nusu ya pili ya karne ile, mwalimu au karani wa Marekani na Uingereza aliweza kuichukua piano nyumbani akalipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka. Viwanda vilikopa benki ili kungoja malipo hayo. Ukiitazama biashara nzima, ni kamba moja ndefu ya madeni: familia ya London au Chicago inadaiwa na muuza piano, muuza piano na kiwanda, kiwanda na benki, na ng'ambo hii Tippu Tip anadaiwa na Taria Topan. Kila fundo la kamba lilikuwa na daftari lake. Walio mwisho wa kamba tu ndio hawakuwa na daftari.

Piano yetu ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Anayetaka kujua kama ni pembe kweli aangalie kibao cheupe kwa karibu. Ataona mstari mwembamba unaokikata kwa upana pale kinapoanza kuwa chembamba, kwa sababu kila kibao kilivikwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Kisha ataona vinyuzi hafifu kama vya mbao. Plastiki haina vinyuzi hivyo. Hesabu inayotolewa huko Connecticut ni kwamba pembe moja ya ratili 75, yaani kilo 34 hivi, ilitosha piano 45. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika njia ya Tabora ulikuwa frasila mbili, ambazo ni ratili 70. Kwa maneno mengine, mtu mmoja aliyetoka Manyema na pembe begani alibeba vibao vya piano arubaini na kitu.

Nani hao waliobeba? Lazima tuwe waangalifu hapa, maana watu hupenda kurahisisha. Wengi wa wapagazi kati ya Tabora na pwani walikuwa Wanyamwezi huru, waliolipwa kwa kitambaa, na wengine wao walikuwa wafanyabiashara kwa haki yao. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima kwao. Lakini huko mbele, Manyema na kando ya Lualaba, mambo yalikuwa mengine. Vijiji vilishambuliwa, watu wakatekwa, wakabebeshwa pembe, na wengine wakakombolewa na ndugu zao kwa pembe zaidi. Tippu Tip alisema siku zote kwamba biashara yake ni pembe. Wapo wanaomtetea hadi leo kwa neno hilo. Mimi naona neno hilo ni kweli na bado halimsaidii, kwa kuwa pembe haitembei yenyewe. Mwishoni mwa maisha yake alisemekana kuwa na mashamba saba Unguja na watumwa wapatao 10,000. Mtu mwenye idadi hiyo hawezi kusema utumwa ulikuwa jambo la pembeni.

Hata hivyo asibebeshwe yasiyo yake. Mauaji ya sokoni Nyangwe ya mwaka 1871, ambayo Livingstone aliyashuhudia na ambayo yalitikisa Uingereza, hayakufanywa na watu wa Tippu Tip. Yalifanywa na watu wa mfanyabiashara mwingine. Kilio kilichofuata kilichangia kumfanya Sir Bartle Frere atumwe Unguja, na mwaka 1873 Sultani Barghash akafunga soko la watumwa.

Sisi wa Mombasa tunajua kilichofuata kwa macho yetu. Mwaka 1875 Frere Town iliundwa ng'ambo ya kisiwa chetu, iwe makao ya watu waliokombolewa kutoka majahazini. Kengele yao bado inaning'inia Kengeleni, na matatu za Kisauni zinapita chini yake kila dakika bila abiria kuinua macho. Waliotua pale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wanyamwezi na wengineo. Baadhi ya familia za kanisa hili zinahesabu babu zao kati yao, na wale wanaokaa safu ya nyuma ya sauti ya besi wanajijua. Sisemi kwamba babu hao walibeba pembe za Tippu Tip. Nasema kwamba waliingia pwani kwa biashara ileile, katika miaka ileile, na kwamba nyimbo za kwanza za sauti nne katika lugha yetu ziliimbwa na watu kama wao.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alimkuta Manyema akamtaka amsindikize kuteremka Lualaba. Walipatana dola 5,000 kwa vituo sitini vya safari. Tippu Tip alirudi kabla ya kufika mwisho, na baadaye alilalamika kwamba hakulipwa kama walivyopatana. Mwaka 1887 Stanley alirudi Unguja. Safari hii alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama karibu na Ziwa Albert, na ilisemekana kwamba Emin alikuwa na tani 75 za pembe, thamani yake pauni 60,000. Tippu Tip alitakiwa kutoa wapagazi 600 wa kuzibeba. Hapohapo Stanley akampa kazi kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji: awe gavana wa Stanley Falls katika dola mpya ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Walipanda meli pamoja wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo.

Pauni 30 si kitu kwa mtu wa utajiri wake. Kwa nini alikubali? Nadhani aliona upepo umegeuka. Wazungu walikuwa wakigawana bara, na mwenye cheo chao angeweza angalau kulinda ghala lake. Lakini pembe za Kongo zilianza kuteremka mto kuelekea bahari ya Atlantiki badala ya kuja pwani yetu, na hapo msingi wa biashara yake ukawa umeng'oka. Wapagazi walichelewa kutolewa, kikosi cha nyuma cha Stanley kikaharibika vibaya, na Stanley akamlaumu. Akafungua kesi Unguja katika mahakama ya konseli akidai pauni 10,000, fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan. Daima mnamwona yule yule! Mtu anaweza kutawala nchi kubwa kuliko Kenya, na kisu kikamfikia kupitia kwa mweka fedha wake. Kesi hiyo mwishowe iliachwa.

Tippu Tip aliondoka Kongo akarudi Unguja karibu na 1891, asirudi tena. Mwaka huohuo Taria Topan alifariki Bombay. Mwaka uliofuata vita vilizuka Kongo kati ya maaskari wa Leopold na Waarabu wa Manyema. Mwanawe Tippu Tip, Sefu, aliuawa mwaka 1893. Kasongo ilianguka, na mali iliyobaki huko ikapotea yote. Aliyekuwa mshirika wake wa biashara, Muhammed bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, alimpeleka mahakamani kudai fungu lake. Kwa hiyo miaka ya mwisho ya mtu huyu haikuwa ya misafara. Ilikuwa ya makaratasi, mawakili na hesabu za zamani.

Jambo moja alilolifanya katika miaka hiyo linatufaa sisi wote tusomao Kiswahili. Aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena hapa Afrika Mashariki, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ni kati ya maandishi ya kwanza ya mtu kusimulia maisha yake katika lugha yetu. Ukikisoma kitabu hicho utaona kwamba mwandishi anakumbuka frasila na majina ya wadai kuliko anavyokumbuka majina ya wapagazi. Mimi nilikisoma na kalamu ya risasi mkononi, nikitia alama kila palipotajwa deni, na kurasa zangu zimejaa alama.

Alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905 kwa malaria.

Kwa viwanda vya piano, kifo chake hakikuwa habari. Miaka minne baadaye, mwaka 1909, Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 350,000 kwa mwaka mmoja, idadi iliyokuwa kilele. Za bei rahisi zilivikwa seluloidi, lakini tuchukulie kwa mfano tu kwamba zote zilikuwa za pembe. Kwa hesabu ile ya piano 45 kwa pembe moja kubwa, tunapata pembe karibu 7,800, yaani ndovu 3,900, na pembe nyingi zilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa wakati huo reli ya kutoka hapa Mombasa ilikuwa imeshafika Ziwa Victoria, tangu 1901, na njia ya pembe ikahamia kwetu kwa sehemu kubwa. Kampuni ya Arnold, Cheney ilikuwa na mnunuzi wake aliyefanya kazi Unguja na Mombasa kati ya 1907 na 1911, Ernst Moore, ambaye baadaye aliandika kitabu cha kuilaumu biashara hiyohiyo. Serikali nayo ilikuwa na chumba cha pembe hapa mjini, cha Idara ya Wanyama, ambako pembe zilipigwa mnada hadi miaka ya 1970. Wazee wa Mji wa Kale wanakikumbuka. Zile pembe nne za Moi Avenue ambazo watalii hupigia picha ni za alumini, na nadhani ndizo pembe pekee za mji huu zisizo na deni la mtu.

Kilichovunja nguvu za viwanda vile hakikuwa dhamira. Kilikuwa gramafoni na redio, kisha mporomoko wa fedha wa 1929. Familia ziliacha kulipa piano za mkopo, na kamba ile ndefu ikakatika kuanzia upande wa ng'ambo. Majina makubwa kama Chickering na Knabe, ambayo yalikuwa yameunganishwa kuwa kampuni moja mwaka 1908, yaliunganishwa tena na Aeolian mwaka 1932. Pratt, Read na Comstock, Cheney, mahasimu na majirani wa miaka mingi, waliungana mwaka 1936. Steinway ilibaki ya familia hadi 1972, ikauzwa kwa CBS, kampuni ya redio na televisheni, ikapita mikono mingine, na mwaka 2013 ikanunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Paulson kwa dola milioni 512. Huko New York Steinway waliacha pembe miaka ya 1950, wakatumia plastiki. Mwaka 1989 mataifa yalipiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi, na mwezi wa Julai mwaka huo serikali yetu ikachoma tani 12 Nairobi mbele ya dunia.

Kuhusu piano ya ukumbini: kamati imeamua vibao viwili vilivyovunjika visitafutiwe pembe. Fundi ataweka plastiki, na rangi haitalingana. Wapiga piano wetu wavumilie.

Na wale watakaosafiri na kwaya kwenda Unguja, nyumba ya Tippu Tip iko Mji Mkongwe, karibu na hoteli ya Africa House. Mlango wake wa kuchongwa bado upo. Familia kadhaa zinaishi ndani, kwa hiyo tafadhali pigeni hodi na msiingie na kamera mbele. Kutoka pale hadi kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa na ambako tutaimba Jumapili, ni mwendo mfupi kwa miguu.

Katibu wa Kwaya